Na Mayai Ishirini ya Bata Hadi Bujumbura

Sababu ya safari yangu ilikuwa ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu, ambao mtu mwingine angeumaliza kwa sekunde kumi. Ulitoka kwa mama mkubwa Zena, dada wa marehemu mama yangu, anayeishi Nyakabiga, Bujumbura. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalimtoka moja moja, mengine yakikwama njiani.

"Idi," alisema. "Lan... anakuya. Mutoto wangu Lan. Weka mayai ya bata... mu chumvi. Ishirini. Ulete. Mi... mukono hauko."

Kwetu Ujiji sote tunamjua Lan, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Zamani mama mkubwa alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mchina aliyepanga nyumba Kibenga, karibu na ziwa. Mke wa mhandisi ndiye aliyemfundisha kupika mikate ya mvuke yenye kiini cha yai la chumvi, siagi na maziwa, kiini ambacho ukiumega mkate kinamwagika kama uji mzito. Kisha yule mke akaugua, akarudi kwao, akafia huko. Baba alishinda mikoani kwenye kazi zake. Mtoto wao, Lan, akakulia mgongoni kwa mama mkubwa.

Ukaja mwaka wa vurugu. Siku moja mchana mama mkubwa alimwambia Lan, aliyekuwa na miaka sita, "Nakuya jioni." Akamwacha na mzee wa getini. Hakurudi. Baada ya siku kadhaa alivuka mpaka na watoto wake akaja kwetu, na mji ulipotulia akarudi Bujumbura akakuta nyumba ile ina watu wengine. Miaka kumi imepita. Sasa Lan ana kumi na sita, anakuja siku chache na baba yake anayemalizia mambo yake ya kikazi, na namba ya mama mkubwa aliipata kwa yule mzee wa getini. Alichotuma ni maneno machache tu: "Nataka kukuona. Na ile mikate."

Mama mkubwa hakujua kama hayo yalikuwa maneno ya mapenzi au ya mtu aliyekuja kudai haki yake. Na mimi sikujua.

Mimi ni mwoka mikate. Nina tanuri langu na ninajua unga, lakini mkate wa mvuke sikuwahi kuugusa. Nilikusanya mayai kwa majirani wafugao bata, nikayaloweka kwenye maji ya chumvi, ndoo nikaiweka chini ya kitanda siku thelathini. Kila asubuhi nilifunua na kunusa.

Jumatano alfajiri, Ujiji, niliyatoa mayai majini, nikayafuta, nikayapanga kwenye ndoo nyingine katikati ya pumba za mpunga. Mke wangu Tatu alisimama mlangoni.

"Na kama hayajaiva?"

"Yamekaa mwezi mzima."

"Idi, nimeuliza kama hayajaiva."

Yai la chumvi halionyeshi kitu kwa nje, likiiva au likioza ganda ni lile lile. Ningeweza kuvunja moja nikaona. Nilisema aliagiza ishirini kamili, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuona.

"Na ukifika," Tatu alisema, "mwache mama mkubwa aongee mwenyewe. Una tabia ya kuwamalizia watu maneno."

"Kwa sababu nawaelewa," nilimwambia.

Alinipa ndoo.

Saa mbili na nusu nilikuwa Manyovu, mpakani. Upande wa Burundi mama mmoja ofisa, mwenye miwani, aligonga kifuniko cha ndoo yangu kwa kalamu.

"Iko nini mu hii ndoo?"

"Mayai ya bata, mama."

"Ya kuuzisha?"

"Ya mgonjwa."

"Mugonjwa moja anakula mayai yote haya?"

Nikaanza kumweleza habari ya mhandisi, ya mtoto na ya mikate ya mvuke. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mwongo. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikatoa yai moja nimwonyeshe. Mikono ilikuwa imelowa jasho, yai likaniponyoka, likapasuka sakafuni.

Ute ulitawanyika kama maji. Lakini kiini kilibaki pale pale, kigumu, cha mviringo, rangi yake kama ngazi, tunda la mchikichi, lililoiva. Yule mama aliinama, akakisukuma kwa kalamu, kikabingirika.

"Mana yanje! Hii yai umeifanya nini?"

"Ni chumvi tu, mama. Chumvi na maji."

Alicheka, akanirudishia hati yangu. "Enda, enda, mbele hujayavunja yote."

Nilisafisha sakafu kwa leso yangu huku moyo ukipiga kwa furaha. Yaliiva. Yalibaki kumi na tisa, lakini yaliiva. Furaha hiyo ilinitosha hadi Mabanda, na kutoka Mabanda gari lilipoteremka kuelekea Nyanza-Lac, na ziwa likaonekana kushoto kwetu, nilikuwa bado natabasamu peke yangu.

Rumonge, saa sita mchana, dereva alizima gari. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na kituo hakikuwa na tone. Magari yalipangana barabarani, madereva wengine wamelala ndani, miguu imetoka dirishani. Harufu ya mawese ilijaa kila mahali. "Tungoje," alisema dereva, "kuna mutu anakuya na bidon ya mafuta." Huyo mtu hatukujua anatoka wapi wala saa ngapi.

Nilimpigia mama mkubwa nimwambie nitachelewa. Simu haikupatikana. Nikarudia. Nikarudia tena. Niliiweka ndoo kivulini, nikawa nahama nayo kila kivuli kilipohama, nikipiga simu. Mama yangu mzazi naye aliondoka kwa kiharusi, cha pili, mchana kama huo, mimi nikiwa mbele ya tanuri. Ilipofika saa tisa bado niko Rumonge, nilikuwa nimeshamzika mama mkubwa kichwani mwangu na kuanza kufikiri nani wa kupigiwa kwanza.

Mtu wa bidon alifika saa tisa na nusu. Tukaondoka. Barabara inafuata ziwa, na mahali pengine maji yameila pembeni, gari linapita kwa kunyata. Tuliingia Kanyosha, mwanzo wa jiji, saa kumi na mbili jioni kwa saa yangu. Bujumbura wao walikuwa saa kumi na moja.

Nyakabiga nilimkuta mama mkubwa amekaa kwenye kiti mlangoni, kanga begani, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Simu yake ilikuwa imezima. Hakukuwa na umeme tangu asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Mara... haba." Hakuniuliza safari. Alinyoosha kidole cha kushoto kwenye ndoo. "Ngapi?"

"Kumi na tisa."

Alifumba macho kidogo. "Inatosha," alisema. Nami nilikaa chini hapo hapo kizingitini.

Alhamisi asubuhi tulianza. Lan angekuja Jumamosi alasiri, na Jumapili asubuhi na mapema angepanda ndege. Siku hiyo ilikuwa ya kujifunza. Jirani yake, Mama Divine, ambaye anauza juisi baridi na ndiye anayemfulia mama mkubwa nguo, alitupa nafasi kwenye friza yake, kwa kuwa umeme ulikuwa umerudi.

Mama mkubwa alielekeza kwa mkono wa kushoto na kwa maneno yale yaliyokatika. Nilipika viini kumi kwa mvuke, nikaviponda na kuvichuja, nikachanganya na siagi, sukari, maziwa ya unga na unga kidogo wa kastadi. "Wao wanatia... mafuta ya nguruwe," alisema. "Mi... siagi." Nikagawa vidonge kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa ndimu changa, tukavigandisha kwa Mama Divine hadi vikawa kama mawe. Hapo ndipo ujanja wote ulipo: kiini kinaingia kwenye unga kikiwa kigumu, kinayeyukia ndani kwa mvuke.

Unga niliukanda mimi, na hapo nilijiona niko kwangu. Aliubonyeza kwa kidole, akagusa ncha ya sikio lake kuonyesha ulaini ule ule, akakubali kwa kichwa. Nikakata madonge.

"Sukuma," alisema. "Kati... iwe n..."

"Nyembamba," nilimalizia. "Nimeelewa, mama."

Alitikisa kichwa. "N... ne..."

"Ndiyo, nimeelewa. Usijichoshe."

Aliinua mkono wa kushoto, akaushusha. Nilidhani amechoka. Nilisukuma madonge yote kumi na mawili yakawa membamba katikati, nikaweka vidonge, nikafinya juu vizuri kama mtu anayejua kazi. Tukafunga kitambaa kwenye kifuniko cha sufuria ili matone yasidondoke, tukaweka juu ya makaa. Dakika kumi. Nilipoitua na kufunua, mikate yote ilikuwa imetoboka chini. Kiini chote cha njano kilikuwa kinaelea kwenye maji ya sufuria.

Mama mkubwa aliangalia ndani, na machozi yakamtoka, ya hasira. Alichukua kipande cha unga kilichobaki, akakibonyeza mezani kwa kiganja cha kushoto, akazungusha kidole pembeni, pembeni, pembeni, hadi kando zikawa nyembamba na katikati pakabaki kilima. Kisha akanishika kidevu kama mtoto, akanigeuza nimtazame mdomoni.

"Ne... ne," alisema. "Nene. Kati... nene. Nilisema."

"Nisamehe mama."

"Kila mutu," alisema, akapumzika, akaanza tena, "kila mutu ananisemea. Daktari. Mama Divine. We. Nasema maji... wananiletea maziwa. Nakunywa. Nitafanya nini?"

Siku ile sikula. Viini tisa tu ndivyo vilivyobaki, na kosa lilikuwa langu.

Ijumaa niliamka mapema. Nilitengeneza kiini cha pili bila kuongea. Aliposema neno nilisimamisha mikono nikangoja, hata likichukua muda wa kuhesabu hadi ishirini. Mara mbili neno lililotoka halikuwa lile nililolitegemea. Viini tisa vilitupa vidonge vidogo kumi na viwili, nikavipeleka friza. Saa nne umeme ukakatika.

Saa nane ulikuwa haujarudi. Mama Divine alikuja mlangoni na bakuli. "Papa Idi, ona. Inaanza kuwa pâte, laini." Nilibonyeza kidonge, kidole kikazama. Unga hauwezi kufungwa kwenye kiini laini, na kingine hakipo. Mayai yamekwisha, na mapya yanataka mwezi.

Nilitoka barabarani nikiuliza kila duka lenye friza. Wote umeme wao ulikuwa ule ule. Mwisho wa mtaa kuna gereji ndogo ya Baba Kassim, fundi wa magari, Mswahili wa zamani wa mji huu, ambaye pia hutengeneza mafriji. Alinisikiliza huku akijifuta mikono kwa kitambaa cha oili.

"Mama Divine eko na barafu?"

"Iko, lakini inayeyuka."

"Barafu peke yake haina nguvu. Iponde. Utie chumvi ya mawe, mingi, usihurumie. Bakuli yako uiweke katikati, ufunike na blanketi. Utaona. Mbele ya umeme kuwa kila fasi, njo vile tulikuwa tunafanya ice-cream."

Sikuamini, lakini sikuwa na njia nyingine. Tuliponda barafu ndani ya gunia, tukatia chumvi, tukafukia bakuli lenye kifuniko, tukafunika. Kila nusu saa nilitaka kufunua. Mama mkubwa aliweka fimbo yake juu ya blanketi, akanitazama. Baada ya saa mbili alinyanyua fimbo. Vidonge viligonga bakuli kama kokoto. Mama Divine alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka.

Usiku umeme ulirudi, vidonge vikarudi friza. Jumamosi asubuhi niliukanda unga. Saa saba simu ya mama mkubwa ililia. Alikuwa Lan. Aliongea Kiswahili cha mji ule, kilichopata kutu kidogo. Dereva wa baba yake amekosa mafuta, hawezi kuja Nyakabiga. Baba yuko kwenye mikutano. Kwa miguu haruhusiwi. "Basi... labda siku ingine, Mama Zena."

Siku nyingine ilikuwa ipi? Mama mkubwa alishika simu, mdomo umefunguka, neno halitoki. Nilinyoosha mkono niichukue, nikaurudisha.

"Nga... nitakuya," alisema mwishoni. "Mi njo... nitakuya."

Nilikimbia kwa Baba Kassim. Alikuwa na gari lake kuukuu na lita chache alizozificha. "Nilikuwa nazichunga kwa mugonjwa au mazishi," alisema. Akamwangalia mama mkubwa, aliyekuwa ameshafika nyuma yangu kwa fimbo, amevaa kitenge kipya. "Panda, Mama Zena. Kama hii haiko dharura, sijui dharura iko nini."

Tukaondoka, yeye mbele, mimi nyuma na sufuria, unga uliofunikwa, na bakuli la vidonge ndani ya ndoo ya barafu na chumvi. Ndoo ilikuwa ile ile niliyotoka nayo nyumbani. Njiani mama mkubwa aliniita bila kugeuka. "Akisema... simujui?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa moyo. "Sijui, mama," nilimjibu.

Kibenga, saa tisa. Maji ya ziwa yaliwahi kupanda hadi kwenye mitaa ile, na ukutani mwa nyumba tuliyofikia, ya rafiki wa baba yake Lan, ilibaki alama ya tope usawa wa goti. Geti lilifunguliwa na msichana mrefu mwenye miwani, nywele fupi, ndala miguuni. Mama mkubwa alisimama. Nadhani bado alikuwa anatafuta mtoto wa miaka sita.

"Umekuwa mudogo," alisema Lan.

"We... umekuwa mukubwa."

Hawakukumbatiana. Walipeana mikono, na Lan alinyoosha wa kulia, kisha akaona, akabadilisha. Tuliingia jikoni kama watu waliokuja kutengeneza bomba.

Nilisukuma unga, katikati nene, kando nyembamba. Mama mkubwa alikaa kwenye stuli karibu na jiko la gesi, akikagua kila mkate kwa jicho. Lan alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Mikate kumi na miwili ikapangwa, ikapumzika kidogo, ikaingia kwenye mvuke. Nikatazama saa: dakika kumi, si zaidi. Ukizidisha, kiini kinachemka ndani na mkate unapasuka.

Hapo ndipo Lan aliuliza.

"Mama Zena. Juu ya nini haukurudia?"

Mama mkubwa alinishika kiwiko, nikainama kando yake kumwegemeza.

"Siku ile," alisema, "Fatuma, binti yangu... alikuwa peke yake. Mu nyumba. Nikaenda kumu..."

*Kumchukua.* Neno lilikuja kamili hadi ulimini mwangu. Nikalimeza.

"...kumuona tu. Nirudi. Njia ikafungwa. Nikajaribu... mara tatu. Ya tatu, mutu moja akaniambia, mama, ukipita hapa tena... hautafika. Nikachukua batoto. Nikavuka."

Ilichukua muda mrefu. Lan alisikiliza akitazama meza.

"Mi nilikaa kwa mulango siku mbili," alisema. "Muzee alinipa maharagi, nikakataa. Kisha Papa akakuya. Nilikuwa nauliza kila siku, Mama Zena eko wapi. Akaniambia ulikufa, ili niache kuuliza. Nikaacha." Alivua miwani. "Mwaka jana muzee njo akaniambia uko hai. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nikakasirika. Kama ulikuwa hai, ulikuwa na telefone."

Sufuria ilianza kutetemesha kifuniko. Pua yangu iliniambia wakati umekaribia.

Kwetu, kwa miaka kumi, mama mkubwa ametuambia kwamba namba ya nyumba ile ilipotea mpakani. Jibu hilo nilikuwa nalo tayari. Lingemtoa salama kwa sekunde mbili, na ningewahi kuitua sufuria. Nilifungua mdomo. Mama mkubwa aligeuka, akanitazama. Niliufunga.

"Namba," alisema, "nilikuwa... nayo."

Dakika kumi zikatimia. Alikuwa amenishika kiwiko kwa nguvu yote ya ule mkono mmoja. Ningejitoa, angeanguka, au angenyamaza na asianze tena. Niliutazama moto, nikabaki.

"Iko mu kitabu changu... mupaka leo. Wiki ya kwanza... ilikuwa njia." Alipumua. Kumi na mbili. Kumi na tatu. "Kisha... ilikuwa aibu. Ukiacha mutoto kwa mulango... unapiga simu. Unasema... nini? Kila siku nikasema kesho. Kesho ikakuwa... miaka. Usinisamehe juu ya njia. Njia haikuwa... mimi. Simu... ilikuwa mimi."

Ndani ya sufuria kitu kilipasuka, pu, kikafuatiwa na kingine. Hakuna aliyegeuka. Lan alikuwa analia bila sauti, kama mtu mzima. Alizunguka meza, akachuchumaa mbele ya stuli, akauchukua ule mkono uliokufa.

"Huu unasikia?"

"Kidogo."

Alilaza shavu juu yake. Ndipo mama mkubwa alipoachia kiwiko changu, nami nikaitua sufuria.

Mikate minane ilikuwa imepasuka, kiini kimemwagika na kuganda pembeni. Minne ilikuwa mizima, myeupe, imetuna. Niliomba radhi. Lan alichukua mmoja mzima, akaumega. Kiini kilitiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, akakilamba haraka, akaungua ulimi.

"Iko... vile vile?" aliuliza mama mkubwa, na sijawahi kuona mtu akingoja jibu kwa hofu namna ile.

Lan alitafuna polepole. "Apana. Ile ya zamani ilikuwa na sukari mingi."

"Ulikuwa mutoto. Nilikuwa... naongeza."

"Bado nimekasirika, Mama Zena."

"Najua."

"Lakini naikula yote," alisema, akaanza kukwangua ile iliyopasuka kwa kijiko. Baba Kassim aliitwa ndani, akala miwili iliyopasuka, akasema hajawahi kula mkate wenye mchuzi ndani.

Jumapili asubuhi Lan alipiga simu kutoka uwanja wa ndege. Waliongea, au tuseme walikaa kwenye simu pamoja, hadi alipoitwa kupanda. Sikujua walisema nini. Nilikuwa nimetoka nje kwa hiari yangu.

Jumatatu niliaga. Mama mkubwa alinisindikiza hadi mwisho wa mtaa kwa fimbo, hatua fupi fupi, na nilijilazimisha kutembea mwendo wake. Rumonge safari hii mafuta yalikuwepo. Mpakani hakuna aliyeniuliza kitu. Njia nzima ya kurudi niliwaza ni watu wangapi nimewahi kuwanywesha maziwa wakati waliomba maji, na mmoja wao ni mama yangu mzazi, ambaye siku za mwisho aliacha kabisa kuongea, nami nikasema ni ugonjwa. Hilo sitaweza kulirekebisha. Ukandaji na usukumaji wa mikate ile naujua sasa na nitauendeleza, lakini si hilo kubwa nililojifunza huko.

Nilifika Ujiji jioni. Tatu alinipokea mzigo, akaniwekea maji ya kuoga, akakaa.

"Ilitoka?" aliuliza.

"Minane ilipasuka. Minne ikatoka."

"Ah! Kwa nini? Moto?"

"Niliiacha jikoni."

"Wewe? Uache mkate jikoni?" Alisogeza kigoda chake karibu. "Na mama mkubwa? Yule binti alipomuuliza, ulimwambia nini?"

"Mimi sikusema kitu," nilimjibu. "Alisema mwenyewe, mpaka mwisho."